Dogo Wako Ako na Simu, Lakini Nani Amemfunza Kuitumia?

Shule zikifungwa Agosti, kitu ya kwanza dogo wako anauliza akifika keja si chapo. Ni paswadi ya Wi-Fi.

Na usimcheke. Muhula mzima amekuwa bweni, mahali simu ni haramu kuliko sigara. Akipatikana nayo anatumwa nyumbani kuleta mzazi. Halafu siku moja anashuka kwa gari, anapewa simu ya zamani ya mathe, bundles za wiki nzima, na maagizo ni moja tu: "Weka hiyo kitu chini ukule." Akimaliza KCSE ndio balaa kabisa, ju simu mpya ndiyo zawadi. Kutoka sufuri hadi masaa ishirini na nne ya TikTok.

Sasa fikiria hivi. Hakuna mzazi anaweza kuchukua mtoi hajawahi kuvuka barabara, amsimamishe Thika Road saa moja jioni, kisha amwambie "kuwa rada" na aende zake. Lakini kwa mambo ya simu, ndivyo tunafanya. Tunamnyima, tunamnyima, halafu tunamwachilia. Katikati hapo hakuna mtu amemfunza chochote. Kumnyima mtu simu si kumfunza simu.

Na usingoje mathe na buda wafanye hii kazi peke yao. Wao walikutana na intaneti wakiwa watu wazima, na wengi bado wanakuita uwasaidie kufungua PDF. Mwenye anajua hizi njia na mashimo yake ni wewe, wa miaka ishirini na kitu, umeshatapeliwa mara moja ama mbili ukajifunza. Kwa hivyo hii stori ni yako. Hapa kuna masomo matano ya kumpea dogo kabla likizo iishe.

1. Kama ni ya bure, kuna mtu anakula mahali

Anza na swali rahisi: hizi programu zote ni za bure, sasa wenyewe wanatoa wapi doh? Mwache afikirie. Wengi wa rika lake hawajawahi kuulizwa hii swali.

Jibu ni matangazo. Vile unakaa sana kwa programu, ndivyo unaona matangazo mengi, na ndivyo wao wanaingiza. Ndio maana video haziishi. Unamaliza moja, ingine imeshaanza. Algoriti inaangalia umesimama wapi, umerudia nini, umeruka nini, halafu inakupikia chakula yako. Haijali kama video ni ya ukweli ama ya uongo, kama inakufunza ama inakukasirisha. Inajali kama umebaki.

Mpe dogo mtihani mdogo. Mwambie afungue simu yake, wewe ufungue yako, muweke kando kwa kando. Ataona TikTok yake imejaa prank na mpira, yako imejaa mapishi na watu wa gym. Hapo ataelewa kwamba anachoona si "vile dunia iko". Ni vile simu imemsoma.

Halafu umwambie stori ya Worldcoin. Agosti 2023 wasee walipiga foleni KICC hadi nje, kila mtu anataka kuskaniwa jicho apewe tokeni za kama thao saba. Watu walitoa alama ya jicho, kitu haibadilishwi kama paswadi, bila kuuliza itawekwa wapi na itafanya nini. Serikali ilisimamisha ile shughuli mwezi huo huo, na mwaka wa 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data iliyokusanywa ifutwe. Wale wa kwenye foleni hawakuwa wajinga. Walikuwa wamesota, na mtu alijua hivyo. Somo ni hili: ukipewa pesa ya bure, uliza ni nini yako inanunuliwa.

Dogo ajue pia ako na haki. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na data ya mtoto haifai kutumiwa bila idhini ya mzazi ama mlezi. Hii si maneno ya karatasi tu. Mwaka wa 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data alipiga shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuposti picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Klabu moja ikalipa adabu ya 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila kumuuliza. Kampuni ya kukopesha kwa simu nayo ikapigwa 2,975,000 kwa kuchukua namba za watu na kuwasumbua. Kama shule nzima inaweza kulima faini ju ya picha, basi picha ya mtu si kitu ya kuchezea.

2. Kabla ya kufowadi, pumua

Uongo wa mtandaoni haukuji ukiwa umevaa kofia imeandikwa "uongo". Unakuja na nembo ya serikali, na herufi kubwa, na "tuma kwa grupu kumi". Skolashipu ya bure, kazi ya Qatar bila ada, supamaketi inagawa vocha ikisherehekea miaka kadhaa. Shosho anatuma kwa grupu la familia, anti anaitikia amina, na kabla ya jioni binamu watatu wamejaza namba ya kitambulisho kwa linki ya wezi.

Kwa matineja, chambo kubwa ni mtihani. Kila mwaka KCSE ikikaribia, chaneli za Telegram zinafunguliwa, zinauza "karatasi halisi". Unatuma pesa, unapewa karatasi ya uongo ama unablokiwa. Wapelelezi wa DCI wameshashika watu kwa hii biashara zaidi ya mara moja. Karatasi za kweli zinakaa kwa kontena zimefungwa na kulindwa, zinachukuliwa siku ya mtihani. Sasa huyo jamaa wa Telegram ako na yake kutoka wapi? Na hata kama ingekuwa ya kweli, bado umeingia kwa kesi, na matokeo yako yanaweza kufutwa. Miaka minne ya kuamka saa kumi usiku, imeenda na thao moja.

Mfunze dogo maswali matatu kabla hajabonyeza kile kimshale cha kufowadi:

Nani amesema? Si nani amekutumia. "Nimetumiwa na beshte" si jawabu. Jina la mtu ama ofisi ya kwanza kusema ni nani, na kwa tovuti yao rasmi iko?

Kuna mwingine amesema? Kama ni habari kubwa kweli, Nation, Citizen, Standard na wengine watakuwa nayo. Kama iko kwa skrinshoti moja tu, tulia.

Hii inataka nihisi nini? Kama umeshaanza kutetemeka kwa hasira ama furaha kabla umalize kusoma, hapo ndipo unahitaji kusimama. Matapeli wanajua mtu mwenye moyo unadunda hasomi linki vizuri.

Picha nayo isimdanganye. Mwonyeshe Google Lens: anaweka picha, inamletea mahali pengine hiyo picha imewahi kutokea. Mara nyingi ile "ajali ya leo Naivasha" ni ya nchi ingine, miaka mitano imepita. Kuna pia PesaCheck na Africa Check, kazi yao ni kuchunguza madai kama haya. Dakika mbili tu, na familia yako haitakuwa ile inasambaza ujinga.

3. Picha ikitoka, haina breki

Hii ndiyo ngumu, na ndiyo wengi wetu tunaogopa kuongelea na ndugu zetu wadogo. Lakini ongea. Ikibidi mwongee mkiosha vyombo, mahali hakuna mtu anaangalia mwenzake machoni.

Mchezo unaenda hivi. Akaunti yenye picha ya mrembo ama kijana mtanashati inamfuata dogo. Wanapiga stori siku tatu, nne. Huyo "mpenzi" anatuma picha ya uchi kwanza, halafu anaomba ya dogo. Akituma tu, lugha inabadilika: "Nina namba za marafiki zako wote. Leta elfu tano saa hii ama ninaposti." Dogo hana elfu tano. Anaiba kwa simu ya mathe. Anatuma. Jamaa anaitisha ingine kumi.

Akilipa, haiishi. Hii ndiyo sentensi ya kumkaririsha. Mtu akijua unalipa, amejua wewe ni ATM.

Cha kufanya kikitokea: usitume pesa, usitume picha ingine, usijibizane. Piga skrinshoti za mazungumzo, jina la akaunti na namba ya kulipia, ju hizo ndizo ushahidi. Kisha ripoti akaunti kwa programu yenyewe na uiblok. Kwa mwenye picha yake ilipigwa akiwa chini ya miaka 18, kuna huduma ya bure inaitwa Take It Down. Picha haitoki kwa simu yako. Inatengenezewa tu alama ya kidijitali, na mitandao iliyojiunga na huduma hiyo inaitumia kuitafuta na kuiondoa. Ukitaka kuongea na mtu, piga 116, ile laini ya kusaidia watoto, ni bure. DCI nao wako 0800 722 203, pia bure.

Upande wa pili nao usiuache: dogo wako anaweza kuwa si mwathiriwa, anaweza kuwa ndiye anasambaza. Dem wa darasa amevujishiwa picha, iko kwa grupu, kila mtu anacheka, na yeye anatuma kwa grupu ingine. Mwambie sheria inasema nini. Chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, kusambaza picha ya siri ya mtu kunaweza kukupea faini ya hadi shilingi 200,000 ama miaka miwili ndani. Kumsumbua na kumtisha mtu mtandaoni kunafika milioni 20 ama miaka kumi. Na kama aliye kwa picha ni mtoto, hapo ni ponografia ya watoto: hadi milioni 20 ama miaka 25, ama zote mbili. "Mimi nilifowadi tu" si utetezi.

Lakini kabla ya jela, kuna yule dem. Jumatatu anafaa kuingia darasa lile lile. Mwulize dogo: ungekuwa wewe, ungeingia?

4. Ganji ya simu inaisha haraka

Kubeti Kenya ni kwa waliofika miaka 18. Hiyo wote wanajua, na wote wanajua vile inakwepwa: laini ya buda, kitambulisho cha broo, akaunti ya beshte. Ile michezo ya ndege kupaa inaonekana kama gemu, si kamari, na hapo ndipo mtego uko. Dogo anaweka mbao, inarudi soo. Anaweka soo, inarudi soo mbili. Kesho anaweka karo ya tuition.

Usimwambie "kubeti ni dhambi" uishie hapo. Mfanyie hesabu. Kama kampuni inalipia matangazo ya redio, jezi za timu, mabango ya barabarani na mishahara, hiyo pesa yote imetoka kwa nani? Kwa waliopoteza. Wakishinda wengi, kampuni inafunga. Haijafunga. Hesabu imeisha.

Kisha umfunze mambo ya M-PESA kabla apewe laini yake. Kuna ile "samahani, nimekutumia kwa makosa, rudisha." Ujumbe unafanana kabisa na wa kweli, lakini umetoka kwa namba ya kawaida, si kwa jina MPESA. Dawa ni moja: angalia salio kwanza, kwa *334# ama kwa programu yenyewe. Na hata kama pesa imeingia kweli, usiirudishe kwa mkono wako. Mwambie mwenyewe atume ujumbe wake wa M-PESA kwa 456 aombe irudishwe kwa njia rasmi. Aliyekosea kweli hana shida na hiyo. Tapeli ataanza kukutukana.

Akipigiwa na "mhudumu wa Safaricom" kwa namba isiyo 0722 000 000, akate. PIN haiambiwi mtu, hata mhudumu, hata mpenzi. Namba ya tapeli inatumwa 333, na hailipishwi.

5. AI ni beshte mjuaji, lakini anadanganya bila aibu

ChatGPT ilitoka Novemba 2022, na tangu hapo insha za likizo zimekuwa na Kiingereza cha mabalozi. Kumkataza dogo ni kupoteza wakati. Mfunze kuishika vizuri.

Kwanza ajue ile kitu haijui, inakisia. Imesoma maandishi mengi mno, ikajifunza ni neno gani huja baada ya lingine. Ndio maana inaweza kukupea jina la kitabu ambacho hakijawahi kuandikwa, kwa uhakika wa mhubiri. Jaribuni pamoja: iulizeni kuhusu kitu mnajua vizuri, kama mtaa wenu ama shule ya msingi ya dogo. Mkipata makosa matatu mkicheka, atakuwa amejifunza kuliko mahubiri ya saa nzima.

Pili, kuna tofauti ya kuuliza "niandikie insha" na kuuliza "hii hesabu nimekosea wapi, nieleze hatua kwa hatua". Ya kwanza inakufanyia kazi, ya pili inakufunza. Kwa chumba cha mtihani ataingia peke yake, na AI itabaki nje na simu.

Tatu, sauti na sura sasa zinaigwa. Ukipigiwa na sauti ya mathe analia anataka thao tano haraka kwa namba ngeni, kata, umpigie kwa namba yake. Familia inaweza hata kuwa na neno la siri, kama jina la ng'ombe wa guka. Tapeli hajui guka alikuwa na ng'ombe.

Sasa, vile utaongea naye

Unaweza kujua haya yote na bado uharibu kwa kuanza na kelele. Na hii ndiyo sehemu wazazi wengi hukosea: mtoi akileta shida ya mtandaoni, adhabu ya kwanza ni kunyang'anywa simu. Sasa fikiria kama yeye. Jamaa anakutishia na picha. Ukimwambia mathe, unapoteza simu na unapigwa. Ukinyamaza, labda itapita. Utachagua nini? Wote tunajua. Na tapeli naye anajua, ndio maana anamwambia dogo, "ukiambia mtu, nimeposti."

Kwa hivyo kabla ya sheria yoyote, mpe ahadi moja na uitunze: "Ukiniletea shida, sitakuchukulia simu. Tutaimaliza kwanza, mengine tutaongea baadaye." Halafu ongea na wazazi nao waelewe hiyo ahadi. Bila hiyo, hizi namba zote nimekuandikia hapo juu hazitapigwa.

Baada ya hapo, sheria za nyumba ziwe chache na ziwe za wote. Simu zinachajiwa sebuleni usiku, si kitandani. Ya dogo, yako, na ya buda. Wakati wa kula hakuna skrini. Kama wewe mwenyewe unaskroli mpaka saa nane usiku, usimwambie mtu wa miaka kumi na nne alale saa tatu. Atakuangalia tu, na atakuwa na haki.

Na usimfunze hofu peke yake. Juni 2024, vijana wa hii nchi walichukua Mswada wa Fedha, kitabu kigumu cha sheria, wakauvunja vunja kwa video fupi, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakaunda hadi vifaa vya AI vya kuujibia maswali. Watu ambao hawajawahi kusoma mswada wakaujua kifungu kwa kifungu. Tarehe 26 Juni rais akatangaza hatausaini. Ilikuwa simu zile zile, bundles zile zile na TikTok ile ile. Tofauti ilikuwa ni nani ameshika usukani.

Kwa hivyo leo jioni, kabla dogo hajapotelea kwa Wi-Fi, kaa naye dakika kumi. Usianze na mahubiri. Mwambie tu, "Nionyeshe video imekuchekesha sana wiki hii." Akimaliza kucheka, umuulize: "Unadhani ni kwa nini simu imekuonyesha hiyo?"

Akianza kufikiria jibu, somo limeanza.